Mbao na Sauti ya Spika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Tanga

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa zaidi na watu wanaojenga au kuagiza maboksi ya spika Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe. Vipimo ni vya ndani ya boksi, isipokuwa tumetaja vingine. Inchi tumeziacha pale ambapo dukani watu husema inchi.

## Mambo ya msingi

1. Aina ya mbao inabadilisha kweli sauti ya spika?

Ndiyo, ila si jambo la kwanza. Sauti huamuliwa zaidi na spika yenyewe, ujazo wa boksi, urefu wa bomba la besi (tundu la kutolea hewa ya boksi nje) na krosiova, yaani sakiti inayogawa besi na sauti za juu. Vikishakaa sawa hivyo, ndipo mbao huanza kusikika, na mara nyingi husikika kwa ubaya.

Koni, ule uso wa spika unaocheza, inaposukuma hewa mbele, inasukuma hewa nyingine kama hiyo nyuma, ndani ya boksi. Hewa hiyo hupiga kuta. Ukuta ukitikisika nao unatoa sauti, na kwa kuwa eneo lake ni kubwa kuliko la koni, hauhitaji kusogea sana ili usikike. Tena ukuta una noti yake. Gitaa la besi likifika kwenye noti hiyo, boksi linaitikia na kuendelea kuvuma hata mpigaji akiwa amehamia noti nyingine. Hiyo ndiyo besi ya "mbuu" ambayo watu huilaumu spika. Mbao nzuri ya boksi ni ile inayonyamaza.

2. Mbona udi na ngoma husifiwa kwa mbao zake?

Kwa sababu kazi ni kinyume. Uzi wa udi peke yake hausogezi hewa ya kutosha, hivyo uso wa udi hutengenezwa kwa ubao mwepesi wa milimita 1.5 hadi 2 ili utikisike na uzi. Boksi la spika linapokea muziki uliokwisha kupigwa, na kila linachoongeza ni uongo juu ya ule muziki. Fundi akikusifia kwamba boksi lake la mninga "linaimba", mwambie alinyamazishe.

Mpingo ndio huwachanganya wengi, kwa kuwa klarineti na obo hutengenezwa kwa mpingo. Lakini ndani ya klarineti kinacholia ni hewa iliyo kwenye tundu. Mpingo una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, huzama majini, na hupendwa kwa sababu kuta zake hazitikisiki na tundu lake hubaki laini na kwa kipimo kile kile. Hata pale, basi, mbao inalipwa kwa kunyamaza.

3. Niangalie sifa gani za mbao?

Tatu: ugumu wa kupindika, uzito, na uwezo wa kumeza mtikisiko. Ugumu hupandisha noti ya ukuta juu, mbali na besi. Uzito hufanya ukuta uwe mzito kusukumwa. Kumeza mtikisiko ndiko kunakoamua ukuta utavuma kwa muda gani baada ya kupigwa.

Unene una nguvu kuliko aina ya mti. Ugumu hupanda kwa mchemraba wa unene: ukitoka milimita 12 kwenda 18, ubao unakuwa mgumu mara tatu na zaidi, ukienda 24, mara nane. Hakuna mti wa kuuzwa Tanga utakaokupa tofauti hiyo kwa unene ule ule. Kabla hujalipia mti wa gharama, ongeza unene au weka mihimili (swali la 9).

## Kuchagua mbao

4. MDF, plaiwudi, chipubodi au mbao nzima: ipi bora?

Kwa boksi la sebuleni, MDF (bodi ya nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18. Ni nzito (kilo 700 hadi 750 kwa mita ya ujazo), haina macho wala matundu, humeza mtikisiko vizuri na hukatika kingo safi. Adui yake ni maji. Ukingo uliokatwa ukinywa maji huvimba na haurudi.

Kwa boksi linalobebwa, plaiwudi. Ni ngumu kwa uzito wake, hushika skrubu hata ukizifungua mara nyingi, na huvumilia unyevu iwapo gundi yake ni ya kuhimili maji, ile inayouzwa kama marini. Huvuma zaidi kidogo kuliko MDF ikigongwa, kwa hiyo haitaki kuachwa bila mihimili.

Chipubodi, bodi ya chembe za mbao zilizogandishwa, kwa sauti si mbaya hata kidogo. Maboksi mengi ya kiwandani ni chipubodi iliyofunikwa karatasi ya mfano wa mbao. Ubaya wake ni skrubu kung'oka na pembe kumomonyoka. Ukiitumia, tegemea gundi na vibao vya pembeni, usitegemee skrubu.

Mbao nzima huja ya mwisho, na wengi hawapendi kusikia hivyo. Sababu iko swali la 13.

5. Nikitaka mbao nzima hata hivyo, mti upi wa huku unafaa?

Mninga ni chaguo la kwanza. Hausinyai sana, hautanuki sana, na hurandika vizuri. Mtiki, ambao Tanga unapatikana kirahisi kwa sababu ya shamba la miti la Longuza huko Muheza, unakaribia hapo, lakini una mafuta. Futa sehemu ya kuunganisha kwa spiriti au asetoni na upake gundi ndani ya dakika chache, la sivyo maungio yataachia. Mtiki uliovunwa mchanga huwa na sehemu kubwa nyeupe ya nje. Hiyo ni laini na huliwa na wadudu.

Mvule ni mzuri na imara, ila mara nyingine huwa na mawe ya chokaa ndani yanayoharibu meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Vaa barakoa. Mkongo ni mzito na mgumu. Kwa ukuta wa spika ni sifa njema, kwa mkono wa seremala ni adhabu. Mwembe utafaa kwa uso wa mbele tu, ukaushwe haraka kabla haujaingia madoa ya bluu.

Paini ya Shume, Lushoto, ni nyepesi, ina macho, na mara nyingi hufika mjini ikiwa mbichi. Kwa mihimili ya ndani inatosha kabisa.

6. Na mbao za mnazi?

Inategemea ubao umetoka sehemu gani ya shina. Mnazi ni mgumu nje na laini ndani, na tofauti ni kubwa mno: ubao wa nje unaweza kuwa na uzito mara mbili au tatu ya ule wa katikati. Chukua ubao mweusi wenye mistari iliyosongamana. Ubao wa kati, mweupe wenye mistari ya mbali mbali, haushiki skrubu na hubonyea kwa kucha. Hata ule mzuri, utumie kwa uso wa mapambo juu ya MDF.

7. Nitajuaje plaiwudi nzuri dukani?

Tazama kingo, usitazame uso. Uso mwekundu unaong'aa unaweza kufunika matabaka matupu. Hesabu matabaka: milimita 18 yenye matabaka 11 hadi 13 ni nzuri, yenye 5 au 7 ni ya kazi nyepesi. Kagua pande zote nne kama kuna mianya. Mwanya ndani ya plaiwudi utapiga kelele besi ikianza, na hutaweza kuufikia tena. Gonga kwa kifundo cha kidole kila sentimita 20 au hivi. Mlio ukibadilika ghafla, pana uwazi. Pima pia unene: bodi inayouzwa kama 18 mara nyingi ni 17 au 16, na hiyo huvuruga vipimo vyako vya kukata.

## Kujenga

8. Nipeni vipimo vya boksi moja ninaloweza kuanza nalo.

Boksi la karibu lita 50 kwa spika ya besi ya inchi 10, ukuta wa milimita 18. Ndani: upana sentimita 33, kina 28, urefu 60. Hizo ni lita 55 na kidogo. Ukitoa lita 2 za spika, 2 za bomba na 2 za mihimili, unabaki na lita 49 na ushee.

Vipande kwa boksi moja: viwili vya sentimita 36.6 × 63.6 (mbele na nyuma), viwili vya 28 × 63.6 (ubavuni), viwili vya 33 × 28 (juu na chini). Bodi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa maboksi mawili na kubakiza ukanda wa kama sentimita 50 kwa mihimili, ila mpangilio umebana. Panga safu tatu za sentimita 63.6: ya kwanza mbele/nyuma tatu, ya pili mbele/nyuma moja na ubavu tatu, ya tatu ubavu mmoja na vipande vinne vya juu na chini. Safu ya pili inakula upana wote wa bodi, kwa hiyo umkumbushe mkataji ahesabu unene wa meno ya msumeno.

Kwa besi ya kufika 40 Hz (mitikisiko 40 kwa sekunde) tumia bomba la maji taka la inchi 4, lenye tundu la ndani la sentimita 10, na ulikate urefu wa sentimita 23. Likate 26 kwanza, usikilize, kisha upunguze. Bomba refu hushusha noti, fupi huipandisha. Acha angalau sentimita 10 kati ya mdomo wa ndani na ukuta. Kina cha sentimita 28 hakitoshi kwa hilo, kwa hiyo bomba lifungwe juu ya boksi, si mbele. Hesabu hii hailingani na kila spika: ikiwa karatasi ya mtengenezaji inataja ujazo wake, fuata huo.

Usitengeneze boksi lenye pande sawa kama mchemraba. Sauti hurudi na kurudi kati ya kuta mbili, na pande zote zikiwa sawa hukutana kwenye noti moja. Hapa juu, sentimita 60 zinatoa karibu 290 Hz, 33 karibu 530 na 28 karibu 620, zimetawanyika.

9. Mihimili ya ndani iwekwe wapi?

Kosa la kawaida ni kuweka kibao kimoja kinachokata ubavu mrefu kwa upana. Ukuta mrefu mwembamba hutikisika kufuata upana wake mfupi, na kibao hicho hakiusaidii sana. Weka ubao wa milimita 18 × 50, umesimama kwa ukingo wake, ukienda *urefu wote* wa ukuta. Uweke pembeni kidogo ya katikati, sentimita 2 au 3, ili sehemu mbili zinazobaki zisilie noti moja. Fanya hivyo ubavuni kote na nyuma. Kisha unganisha mihimili ya ubavu wa kulia na wa kushoto kwa kibao cha kupita katikati, nyuma ya spika, bila kugusa sumaku.

Gundi iwe urefu mzima. Muhimili ulioshikwa kwa misumari miwili tu ni kelele mpya.

10. Gundi na skrubu zipi?

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, iwapo vipande vimekutana vizuri. Skrubu za 4 × 40, kila sentimita 15, na utoboe kwanza kwa biti ya milimita 2.5 hadi 3. Ukipiga skrubu kwenye ukingo wa MDF bila kutoboa, bodi inafunguka kama kitabu. Ibane kwa klampu na uiache saa 24. Masika iache siku mbili. Maungio ya ndani yapitie tena kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msumeno.

Spika yenyewe usiifunge kwa skrubu za mbao kama utaifungua tena. Tumia bolti na nati zenye meno zinazopigwa kwa nyuma. Chuma chote kiwe cha kutoshika kutu. Upepo wa chumvi hauchukui mwaka kuila skrubu ya kawaida.

11. Nijaze nini ndani? Sufi, mkonge au makumbi?

Vyote vinafanya kazi, maana kinachotakiwa ni nyuzi zinazoisumbua hewa. Boksi lililofungwa kabisa hujazwa gramu 10 hadi 15 kwa lita, zilizochambuliwa, zisishindiliwe: lita 50 ni kama nusu kilo hadi robo tatu. Boksi lenye bomba usilijaze. Tandaza kuta kwa unene wa sentimita 3 hadi 5 na uache njia ya bomba wazi.

Nyuzi fupi za mkonge, zile zinazobaki kiwandani, ni nzuri na Tanga hazina gharama kubwa. Zioshwe, zikauke kabisa juani, la sivyo zitaota ukungu ndani ya boksi usiloliona. Sufi ya msufi humeza sauti vizuri pia, ila hushika moto haraka na hupenyeza nyuzi kwenye sumaku. Ishonee mfuko wa kitambaa chepesi. Makumbi ni magumu, yanahitaji unene zaidi. Sponji ya godoro tumia ile inayopitisha hewa: iweke mdomoni upulize, ikikataa pumzi haifai.

12. Vanishi, rangi au fomeka hubadilisha sauti?

Kwa sikio, hapana. Ila bila rangi unyevu utaingia, na hilo litabadilisha kila kitu. MDF ipake sila (rangi ya kwanza ya kuziba) kingo mara tatu, ukipiga msasa katikati, na upake ndani pia. Upande mmoja ukipakwa na mwingine ukaachwa, bodi hupinda kuelekea upande mkavu.

## Hali ya hewa ya pwani

13. Boksi langu la mbao nzima lilipasuka. Kwa nini?

Mbao hupumua unyevu. Ukanda wa pwani ya Tanga, ubao uliokaa kivulini hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake. Kaskazi kavu hushuka, masika hupanda. Ubao wenye upana wa sentimita 30 unaweza kutanuka au kusinyaa milimita 2 hadi 3 kwa upana, huku kwa urefu ukibaki karibu vile vile. Fundi akiufunga kwa gundi pande zote kwenye MDF au plaiwudi, ambayo haisogei kiasi hicho, kitu kimoja lazima kiachie. Mara nyingi huachia pembeni, hewa inavuja, na besi inakimbia.

Mbao nzima ifungwe nyuzi zote zikielekea upande mmoja kuzunguka boksi: juu, ubavu, chini, ubavu. Hapo zote hutanuka pamoja. Uso wa mbele na wa nyuma uwe MDF au plaiwudi, umekaa ndani ya mfereji wenye nafasi na mpira laini. Ama ufanye kama watengenezaji wengi: boksi la MDF, juu yake vinia, yaani tabaka jembamba la mbao, ya mtiki au mninga ya nusu milimita.

Kabla ya kukata, kausha. Panga mbao kivulini na vijiti katikati, pima kipande kimoja kwa mizani kila wiki, na usianze kazi mpaka uzito uache kushuka. Ubao mbichi wa inchi moja utachukua miezi kadhaa.

14. Kuna unga mweupe chini ya boksi. Ni nini?

Bungua. Hupenda sehemu nyeupe ya mbao, mwembe, na plaiwudi ya bei ndogo. Toa spika kwanza, ndipo upake dawa. Dawa za kimiminika huyeyusha gundi ya koni. Matundu yakishafika maungioni, jenga boksi jipya.

## Kasoro

15. Boksi linanguruma kwenye noti moja tu. Nitalipataje tatizo?

Pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio wa noti moja. Anza 20 Hz kwa sauti ya wastani, panda polepole hadi 500. Mkono mmoja uwe juu ya ukuta, ncha za vidole tu. Noti ambayo vidole vinasikia ukuta ukitetemeka ghafla ndiyo noti ya ukuta huo. Iandike, nenda ukuta wa pili. Ukuta ulio mbaya kuliko wote unapewa muhimili.

Kukwaruza kunakoanza na kuisha ghafla si ukuta. Hicho ni kitu kilicholegea: waya unaogonga, skrubu, wavu wa mbele, kifuniko cha twita (spika ndogo ya sauti za juu). Bonyeza kimoja kimoja mlio ukiendelea.

16. Nitajuaje kama boksi linavuja hewa?

Kwa boksi lililofungwa, sukuma koni kwa vidole vinne, taratibu, bila kuipinda. Ikirudi polepole, hakuna uvujaji mkubwa. Ikiruka papo hapo, kuna tundu. Lenye bomba, ziba bomba kwa kitambaa kwanza. Kutafuta tundu lenyewe, piga mlio wa 30 Hz na upitishe kijiti cha udi kinachofuka kando ya maungio. Moshi hucheza mbele ya uvujaji. Ziba kwa silikoni ukiwa umetoa spika, na uiache ikauke siku nzima kabla ya kuirudisha, kwani mvuke wa baadhi ya silikoni hula shaba.

## Maswali ya pembeni

17. Maboksi ya shughuli za nje yatumie nini?

Plaiwudi ya kuhimili maji ya milimita 18 kwa spika za inchi 15 na 18, mihimili ya kutosha, pembe za chuma, na rangi nzito au kapeti. MDF hapa ni kosa: nzito kupakia, na mvua moja inatosha. Boksi la kapeti likilowa, lisifunikwe turubai. Kapeti huweka maji dhidi ya mbao kwa siku kadhaa.

18. Boksi la amplifaya je?

Kwa amplifaya ya transista, mbao haina sauti. Fikiria joto: acha sentimita 10 juu na matundu chini na juu.

19. Na meza ya pleya ya santuri?

Hapa mbao inahesabika, maana sindano husikia kila mtikisiko. Gundisha vipande viwili vya MDF ya milimita 18, weka miguu ya mpira laini, na pleya isikae na sabufa kwenye meza moja. Ukisikia mvumo unaokua wenyewe ukiongeza sauti, ni besi inayorudi kwenye sindano kupitia meza au sakafu.

20. Nina redio ya zamani ya taa, ya mbao. Nifunge nyuma ili besi iongezeke?

Usifunge. Redio hizo zilipangwa na mgongo ulio wazi, na taa zake zinahitaji hewa. Ukifunga, joto litaharibu kapasita, na sauti itakuwa ya ndani ya pipa. Kilicholegea kigundishwe, vinia iliyobanduka irudishwe kwa gundi na pasi ya uvuguvugu, mengine yaachwe.

21. Mbao za asili zina masharti?

Mpingo na jamii yake wamo tangu 2017 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mninga, mkongo na mkangazi waliongezwa kwenye mkutano wa 2022. Hiyo inahusu kuvusha mipaka. Ukitaka kutuma mbao au vinia nje ya nchi, anza kuuliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kabla hujanunua. Hata kwa matumizi ya hapa, dai risiti na hati ya kusafirishia kutoka kwa muuzaji, hasa kwa mvule unaoambiwa umetoka milima ya Usambara, ambako Amani na misitu mingine ni hifadhi.